Jodari Walinyimwa Likizo Hapa Hapa Mombasa

Ukitaka kuitazama dunia ikipita bila wewe kununua tiketi, kaa Mama Ngina saa kumi na moja jioni. Meli ya makontena yaingia Kilindini polepole, karibu mpaka wahisi ukinyoosha mkono wenye pilipili ya mihogo utaigusa. Watu watoa simu, wapiga picha. Hawakosi wajuaji wa bendera: hii ya Panama, ile ya Liberia. Mimi ni mmoja wao, na sikosei sana.

Lakini kuna aina ya meli ambayo ni nadra sana kuipata kwenye picha hizo, nayo ni ile meli kubwa ya kuvua jodari. Hizo ziko nje, mbali na mwamba wetu, na zikijaa nyingi huenda kushusha Victoria, Shelisheli, ambako kuna kiwanda kikubwa cha kupakia jodari mikebeni. Kubwa zaidi ni za Wahispania na Wafaransa, na zimekuwa zikivua upande huu wa Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980. Yaani kabla wengi wetu tunaosoma posti hii hatujazaliwa.

Leo nataka tuongee juu ya meli hizo, na juu ya siku tatu za mwezi wa pili mwaka 2023, ambapo wawakilishi wa nchi za bahari hii walifunga safari wakaja Mombasa kuamua kama jodari wapumzishwe au la. Waulize watu kumi wa rika letu leo, uone ni wangapi waliosikia.

Kwanza, ni nani hao waliokuja? Kuna Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, wenyewe huifupisha IOTC. Makao yake yako Victoria, na mkataba wake ulianza kufanya kazi mwaka 1996 chini ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ina wanachama kama 30. Wako wenye pwani kwenye bahari hii kama sisi, Tanzania, Somalia, Oman, India na Indonesia, na wako wanaotuma meli kutoka mbali, kama Umoja wa Ulaya, Japani, China na Korea. Kenya iliingia mwaka 2004. Kazi ya Tume ni kuhakikisha aina 16 za samaki, jodari na jamaa zake, hawamalizwi.

Na lazima iwe kazi ya wengi, kwa sababu jodari hatulii. Si kama changu ambaye ana mwamba wake na ukimkosa leo utamkuta kesho. Jodari leo yuko mbele ya Lamu, baada ya miezi yuko upande wa Maldivi. Ukijitia wewe ni mlinzi peke yako, utamwacha akue kwako avuliwe kwa jirani. Jirani naye akijua hivyo, hana sababu ya kumwacha. Hapo ndipo kila mtu huvua kwa pupa, si kwa sababu ni mwovu, ila kwa sababu haamini kama mwenzake atajizuia.

Sasa kitu kilicholetwa mezani Mombasa ndicho kile ambacho wavuvi wakubwa hukiita FAD. Mimi nitakiita chelezo, kwa sababu ndivyo kilivyo, kitu cha kuelea. Na kabla hujachoka, nisikilize hapa, maana hiki chelezo ndicho stori yenyewe.

Kila mvuvi wa pwani ajua samaki hupenda kivuli. Gogo likielea baharini siku kadhaa, chini yake kunakuwa mtaa. Zamani ukikutana na gogo kama hilo ulimshukuru Mungu, ukatupa mshipi. Basi wenye meli wakaona: kwa nini tungoje bahati? Wakaanza kuunda magogo yao. Ni fremu ya mianzi, plastiki au chuma, na chini yake kunaning'inia kamba, na zamani vipande vya nyavu pia, kwenda chini makumi ya mita. Juu wanafunga boya lenye paneli ya jua, mawasiliano ya setilaiti, na kipimo kinachosikiliza kuna samaki kiasi gani pale chini. Wanakiachilia kiende na mkondo. Nahodha amekaa ndani kwenye ubaridi wa mashine, kikombe cha kahawa mkononi, skrini yamwambia chelezo hiki kimenona, kile bado. Kilichonona anakifuata usiku kucha. Alfajiri anazungusha wavu wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, kamba ya chini inavutwa, mfuko unafunga. Kwisha.

Wale waliokuwa hapo chini si wakubwa peke yao. Wengi ni sehewa, na sehewa huzaana haraka, huyo ana nafuu. Lakini pamoja nao kunakuwa na watoto wa jodari, wengine hata nusu mita hawajafika, na jodari huanza kuzaa akikaribia urefu wa mita moja. Kwa hiyo anaingia mkebeni kabla hajaacha hata yai moja baharini. Papa wadogo na kasa nao walikuwa wakinasa kwenye zile nyavu zilizoning'inia. Wakati ule meli moja iliruhusiwa kuwa na vyelezo 300 vikifanya kazi kwa pamoja. Meli moja! Na vingi havirudi kwa mwenyewe. Mkondo huvichukua ukavitupa kwenye miamba ya watu wengine, Shelisheli, Maldivi, Somalia na pwani yetu, na anayebaki kuokota ni mwenye ufuo.

Kuna watu hunijibu, "Bro, hizo meli ziko mbali, zatuhusu nini sisi?" Wakumbushe enzi za maharamia. Ile miaka ya 2008 mpaka 2011, meli za jodari zilianza kuiogopa bahari ya huku. Oktoba 2009 meli ya Kihispania kwa jina Alakrana ilitekwa, mabaharia wakashikiliwa zaidi ya wiki sita. Meli nyingi zikasogea mbali. Mapema mwaka 2010 wavuvi wa Malindi wakawa wanawaambia waandishi wa habari kwamba wapata samaki wengi na wakubwa kuliko walivyozoea. Siwaombei maharamia warudi, hasha. Watu walikufa na hoteli zetu ziliumia. Na samaki hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, maji yenyewe hubadilika joto mwaka hadi mwaka. Lakini wavuvi hawa huishi kwa kile kinachoingia chomboni. Walisema wameona tofauti, na mimi nawasikiliza.

Haya, turudi kwenye kikao. Februari 3 hadi 5, 2023. Indonesia, pamoja na nchi nyingine za pwani, ilileta azimio: kila mwaka kuwe na siku 72 ambazo hakuna kuvua kwa vyelezo vinavyoelea. Elewa vizuri, haikuwa kufunga bahari. Meli ingeendelea kuwafuata jodari wanaokimbia huru, kwa macho na darubini, kama ilivyokuwa kabla ya vyelezo. Pia vyelezo vyenyewe vingepunguzwa na kuandikishwa, ijulikane hiki ni cha nani. Umoja wa Ulaya ulipinga. Maelewano yakashindikana, ikapigwa kura ya siri. Theluthi mbili ilihitajika, theluthi mbili ikapatikana. Azimio likapita.

Tafakari hilo kidogo. Kwenye mji huu huu, nchi za pwani zilikaa meza moja na wenye meli kubwa, na zikashinda kwa kura. Mambo kama hayo hayatokei kila mwaka.

Ila sheria ya Tume ina mlango wa uani. Azimio likishapita, mwanachama hupewa siku 120 za kuandika barua kusema anapinga. Akiandika, halimfungi. Na barua zikizidi theluthi moja ya wanachama wote, azimio halimfungi mtu yeyote. Barua zikaanza kuingia. Umoja wa Ulaya. Ufaransa kwa ajili ya visiwa vyake vya huku. Shelisheli. Komoro. Oman. Ufilipino. Na Kenya.

Soma jina la mwisho tena, taratibu. Nchi iliyokuwa mwenyeji. Nchi ambayo mwaka 2021 ilikuwa pamoja na Sri Lanka katika kuleta pendekezo la kuvibana vyelezo hivi hivi. Kwetu mwenye harusi haondoki na sufuria ya pilau wageni wakiwa bado wanakula. Barua zikavuka theluthi moja, siku 72 zikafa, na bahari ikabaki na sheria ya zamani.

Sasa tuwe waadilifu, maana hapa mitandaoni ni rahisi kupiga kelele. Shelisheli naielewa. Ni nchi ya watu laki moja na kitu, na jodari ndiye kazi yao: bandari, kiwanda, leseni, vyote vyamzunguka yeye. Ukimwambia Mshelisheli afunge vyelezo siku 72, wamwambia mama wa watu pale kiwandani akae nyumbani. Upande wa Ulaya nao walisema sayansi ya kufunga kwa namna hiyo haikutosha. Sikubaliani, lakini ni hoja, si tusi.

Kwa Kenya, hoja ambayo naisikia kila mara ni hii: nasi twataka meli zetu na viwanda vyetu, twataka wageni wavue kwetu kwa leseni na washushe samaki Mombasa, kwa hiyo tusijifunge mikono kabla hatujaanza. Yaingia akilini kwa haraka. Lakini ukiifuata mpaka mwisho yajikwaa. Meli ya Kenya ya kesho itavua jodari yupi, ikiwa yule wa leo anavuliwa akiwa mtoto? Na kama lengo ni kuwapa nafasi wanaoanza, basi ungepigania kwamba wanaoanza wapewe mgao wao, na wale waliovua miaka 40 wapunguze. Kulipinga azimio zima ni kuwaachia wale wale waliokuwa mbele waendelee kuwa mbele.

Ukitaka kulinganisha tarehe, utapata pia kwamba mwaka huo huo wa 2023 Kenya na Umoja wa Ulaya walimaliza mazungumzo ya mkataba wa biashara mwezi wa sita, wakautia saini Nairobi mwezi wa kumi na mbili. Mkataba ule ni wa maua, chai, parachichi na mengi mengine, na umewafaa watu. Kalenda si ushahidi, na mimi simhukumu mtu kwa kalenda. Lakini nchi ikiwa mezani mbili na mtu yule yule kwa wakati mmoja, raia ana haki ya kuuliza kama meza moja iliisikia nyingine.

Na msinifanye nionekane nawasema Wazungu peke yao. Kwenye Bahari ya Hindi karibu nusu ya jodari huvuliwa na vyombo vya nchi za pwani zenyewe, vidogo na vya wastani. Nyavu za kutega zinazoachwa zielee usiku huua kila kitu kinachopita, na hazitoki Uhispania. Mwaka 2015 wanasayansi wa Tume walisema jodari amevuliwa kupita kiasi, ukawekwa mpango wa kupunguza. Mpango ulipokazwa mwaka 2021, walioandika barua za kupinga walikuwa India, Iran, Oman, Madagaska, Somalia na, ndiyo, Indonesia. Indonesia hiyo hiyo iliyokuja Mombasa kutetea watoto wa jodari. Kila nchi hupenda sheria inayomkata mwenzake.

Habari njema kidogo zipo. Tathmini ya mwaka 2024 ilimwona jodari ana hali nzuri kuliko ilivyodhaniwa. Na mwezi wa tano mwaka huo, Bangkok, Tume ilikubaliana vyelezo vishuke kutoka 300 hadi 250 kwa meli kuanzia 2026, kisha 225 kuanzia 2028, na viandikishwe. Ni hatua. Lakini zile siku za kupumzisha hazikurudi. Na mtu anayekwambia "si umeona, jodari mzima, mlikuwa mkipiga kelele bure" hajui mwenzake, yule jodari mwenye jicho kubwa, mwaka 2022 alionekana yuko taabani, ikabidi mwaka uliofuata awekewe kiwango cha mwisho cha kuvuliwa. Watoto wake nao wako chini ya vyelezo vile vile.

Kinachoniudhi zaidi ni ile sauti ya kwamba kufunga bahari kwa muda ni jambo la kigeni, la watu wa mazingira wanaokuja na makaratasi. Sisi ndio wenye jambo hili!

Chukua dago. Kwa wale wa bara, dago ni kambi ya wavuvi wanaosafiri kwa msimu. Wapemba, hasa Wakojani, wamekuwa wakipanda na kushuka pwani hii kufuata pepo na samaki tangu kabla hakujakuwa na Kenya wala Tanzania. Dago lina adabu zake. Mgeni hafiki ufuoni usiku akatupa wavu. Huanza kwa wenyeji, ajulikane ni nani, wako wangapi, wana nyavu za namna gani, watakaa mpaka lini. Wenyeji wana la kupata: samaki huuzwa pale pale, vibanda hukodishwa, kijana wa pale huchukuliwa chomboni akajifunza. Mgeni akileta wavu usiokubalika, ugomvi huanza, na ugomvi upo mpaka leo, hasa juu ya zile nyavu za kuzungusha. Sikwambii dago ni pepo. Nakwambia ni mkataba wa kimataifa wa uvuvi, umesimama bila karatasi, na watu wake tunawafahamu kwa majina. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 2023 ndio Kenya iliwatambua rasmi Wapemba walioishi hapa miaka na miaka bila vitambulisho, wengi wao wavuvi. Kwa mkono mmoja tulimkaribisha mvuvi wa mashua. Kwa mkono wa pili tukaandika ile barua.

Au chukua pweza. Kisiwa Panza, kule Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa pweza akue, halafu siku ya kufungua ni sherehe, akina mama na madumu yao wamejaa majini. Hawakungoja mtu wa Victoria awaambie.

Na kama wataka kitu kikubwa, cha serikali kwa serikali, tazama Ziwa Tanganyika. Nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Miezi mitatu! Tena si vyelezo tu, uvuvi wenyewe. Watu wa Kigoma hawakula dagaa wabichi wa ziwa lao kwa msimu mzima, na walilalamika, nani asingelalamika? Ugumu ulimwangukia mtu mwenye mtumbwi na karabai. Sasa niambie, ikiwa mvuvi wa Kigoma anaweza kubeba siku 90 na ushee, meli yenye setilaiti yashindwaje na 72?

Mfano wa mwisho ni wa mbali lakini ndio naupenda kuliko yote. Kule Pasifiki kuna nchi nane ndogo, nyingine hata kuziona kwenye ramani lazima uvute kwa vidole viwili: Nauru, Tuvalu, Kiribati, Palau na wenzao. Mwaka 1982 walifanya mapatano huko Nauru kwamba meli za jodari haziwezi tena kuja kuwachezesha mmoja mmoja, huyu kanipa leseni rahisi, wewe wanipa ngapi. Baadaye, kuanzia 2007, wakaanza kuuza siku za kuvua. Siku zina idadi, bei ya chini ni moja kwa wote, ukikataa hapa huwezi kuipata nafuu kwa jirani. Mapato yao yalitoka kama dola milioni 60 mwaka 2010 yakafika karibu milioni 500 kabla muongo haujaisha. Na upande wao wa bahari umekuwa na msimu wa kufunga vyelezo kila mwaka tangu mwaka 2009. Meli hazikukimbia. Zilienda wapi? Jodari yuko kwao.

Huku kwetu mbegu ya jambo hilo ipo. Kuna tume ya uvuvi ya Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi, Kenya ni mwanachama pamoja na Tanzania, Msumbiji, Komoro, Shelisheli, Madagaska, Somalia na wengine. Wamekubaliana juu ya masharti ya chini ambayo meli ya kigeni itimize popote itakapoomba leseni. Ni karatasi nzuri. Lakini karatasi ya namna hiyo haina nguvu ikiwa siku ya kupiga kura tuko pamoja na siku ya kuandika barua kila mtu yuko kivyake. Halafu tuna ugomvi wetu pia. Mpaka wa bahari na Somalia ulipelekwa mahakamani mwaka 2014, Mahakama ya Kimataifa ikatoa hukumu Oktoba 12, 2021, Kenya ikaikataa. Sitaki kuifungua hiyo hapa, komenti zitawaka moto. Nasema tu kwamba wakati sisi na Somalia twavutana juu ya mstari majini, mwenye skrini hana haja ya mstari. Chelezo chake chavuka chenyewe, kwa mkondo, bila leseni ya mtu.

Kwa nini nawaletea haya nyinyi, na si wazee wa uvuvi? Kwa sababu wazee wa Mji wa Kale tayari wajua. Kaa nao karibu na soko la samaki pale Bandari ya Kale asubuhi, kabla jua halijawa kali, watakwambia vyombo vyao vingi haviwezi kutoka nje ya mwamba wakati wa kusi, na kaskazi ikija huwa wanangoja jodari asogee. Wao wamezoea kungoja. Sisi ndio tunaambiwa kila mwaka kwamba uchumi wa buluu ndio kazi yetu. Mwaka 2018 kulifanyika mkutano mkubwa Nairobi juu yake, mwaka huo huo walinzi wa pwani wakazinduliwa hapa Mombasa, Liwatoni ikatengenezwa iwe bandari ya samaki, Bandari Maritime Academy inafundisha ubaharia. Nina marafiki wamelipa karo huko. Wanataka kutoka nje ya mwamba na chombo kizuri, chenye barafu na mshipi wa kisasa. Wakifika huko, kule nje kuwe na kitu.

Maldivi wamefika. Wao huvua jodari kwa fimbo na mshipi, mmoja mmoja, wameufanya ndio sifa yao sokoni, na kijana anayevuta ile fimbo ana kazi ya heshima. Hao walikuwa upande wa siku 72.

Basi nataka tufanye jambo moja, na si kuandamana. Sheria ya mwaka 2012 inasema mkataba wa kimataifa upitie Bungeni na wananchi waulizwe. Lakini barua ya kupinga azimio ni karatasi ya ofisini. Yaandikwa, yatumwa, na wewe wa Kibokoni au Majengo husikii kitu. Sasa, Kifungu cha 35 cha Katiba chasema raia ana haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya 2016 ya kukitekeleza. Huhitaji wakili. Huhitaji kusema unazitaka za nini. Waandika barua kwa Idara ya Serikali ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ina siku 21 za kujibu.

Yangu ina maswali matatu. Sababu zilizoandikwa na Kenya kupinga azimio la Mombasa ni zipi, neno kwa neno? Kabla ya kuandika, nani aliulizwa kati ya vikundi vya wavuvi vya ufuoni, watafiti wetu wa KMFRI na kaunti za pwani? Na tukienda kwenye kikao kijacho cha Tume, Kenya itasimama wapi juu ya siku za kupumzisha vyelezo, na sisi tutaambiwa kabla au baada?

Naipeleka Jumatatu. Ukitaka kuandika yako, chukua maswali haya uyageuze utakavyo. Jibu likija nitaliweka hapa zima, na mihuri yake.